Kile Kisichokauka

Kwenye baraza yangu hapa Tunduma kuna debe kuukuu la mafuta ya kula, na ndani yake kuna mmea wa kijani ambao umedumu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanautimulia vumbi kutwa. Jioni naumwagia maji niliyosuuzia vyombo, rangi yake inarudi. Hautoi ua, hautoi tunda. Mwezi wa tisa, nyasi zote zikishageuka karatasi, wenyewe uko vilevile. Wageni huniuliza faida yake. Nawaambia hauna faida, upo tu, kama wengi wenu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, yuko darasa la nne. Na mimi niliishia darasa hilohilo, kwa hiyo kwa makaratasi tuko sawa, ila kichwa chake kimeshanipita zamani. Sisemi kwa kujisifu. Au ndiyo, nasema kwa kujisifu. Siku moja alikuja na daftari la sayansi. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi alete jani la mmea usiotoa maua, aandike jina lake la kitabuni, na chini yake jina unaloitwa kwao.

"Bibi, huu kwa Kindali mnauitaje?"

"Kile kisichokauka."

Akaandika. Akasoma alichoandika, akafuta. "Hilo si jina, bibi. Hayo ni maelezo."

Kitabuni, akasema, unaitwa kangaga. Nikamwambia basi aandike kangaga, na lile jina la kwetu amuulize mama yake akishafunga duka. Akanitazama vile wanavyotuangalia tukishika simu juu chini. Alidhani bibi yake hajui.

Ninalijua. Nimelitamka mara mbili tangu niolewe. Mara ya kwanza lilinigharimu, na mara ya pili nilikaa miaka nikingoja linigharimu. Nitaeleza ilivyokuwa, lakini jina lenyewe usilitafute humu. Halimo.

Kwetu, milimani Ileje, mwanamke akiolewa anapewa maneno ya kuacha. Mashangazi walinikalisha chini siku mbili kabla sijapelekwa. Usitaje jina la baba mkwe. Usitaje la ndugu zake. Usitaje kitu chochote kinachoitwa kwa jina lake, hata kama kiko sahanini mwako. Wenzangu walikuwa na bahati, wakwe zao walibatizwa majina ya kwenye Biblia, unaacha jina moja na maisha yanaendelea. Baba mkwe wangu alikuwa amezaliwa bondeni, kwenye chemchemi. Mama yake alikwenda kuteka maji, uchungu ukamkuta huko, akajifungulia palepale. Akamwita mtoto kwa mmea uliojaa mahali pale.

Kwa hiyo kile nilichokishika kila siku ndicho nilichokatazwa kukisema. Maana sisi wanawake tulikuwa tukiishi nao ule mmea. Ukishajaza ndoo, unakata majani mawili matatu, unayalaza juu ya maji ili yasiruke unapopanda mlima. Majani yake yamechanwa pande mbili kama kitana, yanashika uso wa maji yote. Ulitandika kwenye kapu kabla ya kuweka uyoga. Ulifunikia maziwa. Wake wote wa ukoo ule, wakubwa kwa wadogo, tuliuita kile kisichokauka, na ukisikia mwanamke anasema hivyo unajua papo hapo kaolewa nyumba gani.

Si jina peke yake. Na uso pia. Mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Mkikutana njiani, wewe unaacha njia, unaingia kichakani, unainama na kujifunika kanga mpaka apite. Yeye naye hukohoa akiwa mbali, ili ujue anakuja. Sauti yako asiisikie ikielekezwa kwake. Watoto wa siku hizi nikiwaambia wanacheka, wanasema bibi, hayo yalikuwa mateso. Sikuyaona mateso. Niliyaona kama mlango mfupi, unainama unapita. Mpaka siku moja mlango ule ulipofungwa nikiwa ndani.

Lakini nianze na kosa la kwanza. Mwezi wa pili wa ndoa nilikuwa jikoni, mikono yangu imejaa unga, nikamwambia wifi yangu anipe jani nifunike maziwa. Nikalitaja kwa jina lake, jina nililokua nalo kwa baba yangu. Wifi akaacha mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa maji nisukutue, kisha akatuma ujumbe kwetu, na baba yangu akatembea toka asubuhi mpaka mchana akileta kuku kuomba radhi. Kumwona baba yangu amesimama uani kwa watu, kuku kwapani, kwa sababu ya mdomo wangu, ile aibu bado ninayo.

Mwaka huohuo nikazaa mtoto wa kiume, hakulia. Hawakusema kitu mbele yangu. Nyuma yangu walisema kuku hakutosha.

Sasa unielewe nilivyokuwa nilipopata mimba ya pili. Kila asubuhi niliusogeza ulimi wangu taratibu kama mtu anayebeba mayai. Nilimtaka mtoto yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilijua pia kwamba huyu naye asipolia, sitarudishwa kwetu kama mtu aliyepatwa na msiba. Nitarudishwa kama mwanamke mwenye mdomo mbaya.

Ilikuwa kiangazi, miaka ile sabuni ilipoanza kurudi madukani. Mume wangu alikuwa ameshuka huku Tunduma kubeba mizigo mpakani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila kijana mwenye mabega alikimbilia huko. Siku ninayoisema kulikuwa na msiba ng'ambo ya bonde na watu wote walikwenda. Mwenye mimba hapelekwi makaburini, nikabaki. Baba mkwe naye alibaki kwa sababu ya goti lake, halikuweza mteremko wa bonde zima. Jirani yetu mmoja, ajuza aliyekuwa akizalisha wanawake wa pale, alibaki kwa sababu ya macho. Tulikuwa watatu mlima mzima.

Chemchemi yetu iko ndani ya korongo. Nyuma mwamba, kulia mwamba, kushoto mwamba, na njia ni moja tu, nyembamba, inapanda kwa ubavu. Katikati ya mpando pana jiwe bapa la kupumzishia ndoo. Nilijaza ndoo yangu, nikalaza majani juu, nikapanda nayo mpaka kwenye jiwe. Pale nikaitua, nikashuka tena kukata majani mengine, kwa sababu mama mkwe alitaka ya kutandika kapu. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, kushuka mara ya pili.

Nilipoinua kichwa, mzigo wa majani kifuani, nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kando ya ndoo yangu, kapu la mwanzi alilokuwa akisuka liko mapajani. Amegeukia chini. Amegeukia kwangu. Kichwa ameinamisha kwenye kazi yake, lakini angekiinua tu, angeniona nilivyo, tumbo na yote.

Nikaingia chini ya mwamba, kwenye ule mmea. Pale unaota mnene mpaka kifuani. Nikachutama, nikajifunika, nikangoja apite.

Hakupita. Akakohoa. Mimi nilikielewa kile kikohozi kama tunavyokielewa wote, nipo, usije. Nikazidi kujikunja. Baada ya muda akakohoa tena. Nikajiambia sawa, mzee, nimesikia, nenda basi. Nasikia mwanzi ukisuguana tu. Jua lilikuwa kwenye kilele cha kushoto nilipoingia, likaja juu ya korongo, likaanza kuegemea kulia, na yeye yuko palepale.

Mtu akikaa mahali muda mrefu bila kuweza kuinuka, anakijua kilichoko mbele ya pua yake. Mimi niliujua mmea ule siku hiyo kuliko mwalimu yeyote. Jani jipya linatoka limejikunja kama ngumi ya kichanga, lina manyoya ya rangi ya udongo. Linajikunjua polepole, halifanyi haraka kwa mtu. Jani la zamani haliangukii mbali, linakauka likining'inia chini ya mengine kama sketi iliyochakaa, na hapo ndipo panapotunza unyevu. Geuza jani, chini yake kuna vidoadoa vya kahawia vimepangwa safu mbili kama vifungo vya koti. Visugue, vinaacha unga kidoleni. Nilikaa nikivisugua kimoja kimoja. Nilikuwa na kiu, na maji yalikuwa hatua nne kutoka nilipo, lakini hatua hizo nne zilikuwa wazi mbele ya macho yake.

Uchungu ulianza mgongoni. Mara ya kwanza nikadhani ni kuchutama. Mara ya pili nikajua.

Nikaweka pindo la kanga mdomoni nikauma. Ukipita nafikiri, ukija nauma. Na mawazo yenyewe yalikuwa mawili tu, yanazunguka kama punda wa kusaga. Nikitoka, nitapita mbele ya baba mkwe uso kwa uso, na tumbo wazi, jambo ambalo sijawahi kusikia mwanamke amelifanya. Mtoto akifa baada ya hapo, nimemuua mimi. Nikikaa, mtoto atazaliwa kwenye tope peke yetu, shingo ikizungukwa na kitovu hakuna wa kuitoa. Akifa, nimemuua mimi vilevile. Niliangalia mwamba wa nyuma, nikaupapasa kweli kwa mikono kama kichaa, nikitafuta pa kupanda. Hata mbuzi asingepanda.

Chupa ya uzazi ikapasuka. Nikapiga magoti, nikashika mashina ya ule mmea kwa mikono miwili. Mizizi yake imejibana kwenye nyufa za mwamba, nilivuta kwa nguvu zangu zote za uzazi, haikung'oka.

Sasa watu wataniuliza, mbona hukupiga yowe tu? Niliguna, niliugulia, nikaamini anasikia. Lakini mwanaume wa kwetu akisikia mwanamke anaugulia kichakani hasogei, anazidi kujiweka mbali. Heshima yenyewe ndiyo ingemkalisha pale mpaka watu warudi msibani. Lakini mtu akiitwa kwa jina lake anaitika, hana hiari.

Nikamwita.

Nililitoa lote, kwa sauti ya juu, jina alilopewa na mama yake palepale. Mwamba ukalirudisha. Mwanzi ukanyamaza. Kisha nikasikia, kwa upole, kama mtoto anayeitwa na mama yake aliye chumba cha pili:

"Naam."

Nikasema mtoto anakuja. Sikuongeza neno.

Nilichungulia kati ya majani. Niliona jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. Mzee yule aliinuka, akachukua lile kapu ambalo alikuwa hajalimaliza, fito za mwanzi zikiwa zimesimama kote kama miiba ya nungunungu, akalivaa kichwani mpaka mabegani. Akajifunika yeye. Akapanda ule mlima na goti lake bovu, kapu kichwani, akipapasa njia kwa fimbo. Na alikimbia. Sijui kama aliwahi kukimbia tena.

Ajuza alikuja ameshika nyuzi na wembe, macho hayaoni vizuri lakini vidole vyake vilikuwa na macho. Binti yangu alitoka na kitovu shingoni, mizunguko miwili. Yule bibi akakitegua kama anayevua mkufu. Mtoto akakaa kimya. Nilihesabu. Sisemi nilihesabu mpaka ngapi. Bibi akamlaza juu ya majani yale niliyokata, akamsugua mgongo kwa kiganja, akampulizia. Mtoto akalia, na korongo zima likalia naye.

Ungedhani hapo ndipo nilipotoka. Sikutoka. Nilipanda juu na mtoto kifuani nikaingia kwenye korongo jingine.

Watu waliporudi msibani walimkuta mtoto yuko hai, wakashangilia. Waliambiwa mzee alisikia mtu bondeni akamwita ajuza. Basi. Mimi nilikuwa nikingoja. Nilingoja aite kikao, aseme alivyoitwa na mimi, na baba yangu aletwe tena, safari hii si kwa kuku. Kila mgeni aliyefungua lango, nilichungulia kama katumwa. Kila mara mtoto alipopata homa nililala nimekaa. Aliugua surua akiwa na miaka miwili, akawa mwekundu kama udongo, na mimi nikamwambia Mungu waziwazi, usimchukue huyu, jina nililitaja mimi. Nilitaka kukiri kwa mama mkwe, mdomo ukagoma. Kukiri ni kueleza nilisema nini, na kueleza ni kusema tena. Umeona mtego ulivyo? Hata kutubu kulihitaji neno lilelile.

Baba mkwe hakusema. Tuliendelea kukimbiana njiani kama kawaida. Yeye akikohoa, mimi nikiingia kichakani. Ila niligundua kukohoa kwake kumebadilika. Alianza kukohoa mbali sana, akiwa hata hajatokeza kwenye kona, na kwenye jiwe la korongo sikumwona akikaa tena.

Binti yangu alipokuwa anaanza kuota meno mapya tulihama. Mume wangu alishapata kiwanja hapa Tunduma, zamani kiwanja kilipatikana, si sasa. Asubuhi ya kuondoka, pikapu ya kutushusha Itumba imeshawashwa, binti yangu akatoka nyumbani kwa babu yake amekumbatia kapu la mwanzi. Wajukuu hawana mwiko, walikuwa wakimkalia mapajani na kumwita kwa jina lake mchana kutwa, nami nikiziba masikio.

"Babu kasema hili la mama. Kasema usilimwagie maji mengi."

Ndani kulikuwa na shina la kile kisichokauka, mizizi imefungwa kwenye tope na majani makavu. Mama mkwe alitazama kapu, akanitazama mimi. Nikalipandisha garini. Njia nzima niliwaza, hii ni hukumu au ni msamaha? Anasema anakumbuka, au anasema nisahau? Nikalishika kapu magotini lisipinduke.

Alipofariki tulipanda kwenda kuzika. Siku ya kuanua matanga mama mkwe aliniita nimsaidie kuchambua maharage, tukawa wawili. Akasema bila kuniangalia kwamba mzee alikuwa akijilaumu maisha yake yote kwa siku ile. Alishuka na kazi yake, akaikuta ndoo yangu kwenye jiwe, imejaa, majani juu. Akadhani mwenye ndoo amejitenga pale juu kwenye mianzi kujisaidia. Akaona akirudi juu atamkuta. Kwa hiyo akakaa, akaupa mgongo upande wa mlima ili mkwe wake achukue ndoo na kwenda zake kwa amani. Akakohoa, kumwambia pita, mimi siangalii. Na ndoo ilivyokaa bila kuchukuliwa, aliona mkwe bado anamwogopa, akazidi kungoja.

Yaani alinigeuzia uso kwa sababu alidhani ananipa kisogo. Yeye alikuwa akinisubiri nipite, mimi nikimsubiri apite, na mtoto akitusubiri wote wawili.

"Aliniambia uliita," mama mkwe akasema. "Hakuniambia uliita nini."

Nikaendelea kuchambua maharage. Aliacha mikono yake imetulia kwenye ungo muda mrefu, ananipa nafasi. Nilijua ananipa nafasi. Sikuweza kuitumia. Baadaye akasema, "Haya, mwanangu, haya yana mawe mengi," tukaendelea.

Basi, turudi kwa mjukuu. Mama yake alifunga duka la vitenge, akarudi, akaulizwa, akalitaja jina hapohapo mlangoni akivua viatu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Ana haki, ni jina la babu yake. Mtoto akafurahi, akakimbilia barazani, akalijaribu mbele ya debe. Akalisema polepole, akalisema haraka, akaliimba. Mimi nikavuta kanga kichwani nikageukia ukuta.

"Bibi, mbona unajifunika?"

Nikasema jua. Kulikuwa na mawingu. Akaniambia ule unga wa kahawia chini ya majani ndio uzao wake, unaitwa spora, unapeperushwa na upepo hata kilomita nyingi, na huwezi kuona mmea ukizaa hata ukiukodolea macho. Nikamwambia hilo nalo mwalimu kasema kweli. Kisha akaniomba nilitamke naye aone kama matamshi yake ni sahihi. Nilifungua mdomo. Binti yangu alikuwa amesimama pale, mtu mzima, kiunoni funguo za duka lake, anatucheka wote. Hajui alizaliwa kwa neno gani. Nikafunga mdomo, nikasema matamshi yake ni mazuri.

Alipata vema, na mwalimu aliandika "hongera" kwa kalamu nyekundu. Daftari hukaa kwenye kabati la vyombo. Yeye akiwa shuleni na mama yake dukani, nalitoa, natafuta ukurasa ule. Kangaga imeandikwa juu, na chini yake jina. Napitisha kidole herufi moja moja, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, mpaka ya mwisho. Midomo nimeifumba.